Mbeleko ya Maji

Jumapili tunashuka Bangwe, ziwani,
na mimi tangu Jumatano napima nguo kwa ndoo.

Nilianza na kitenge cha arusi yangu,
kile cha nta, chenye mikia ya tausi.
Nikakichovya, nikakitundika nyuma ya choo.
Adhuhuri pindo zilikuwa kavu, katikati bado kinalia,
kizito kama mlevi anayerudishwa kwake.
Kwenye mgongo mkavu kitenge ni mfalme.
Kwenye maji ni mgeni wa kula na kulala.

Kanga je? Kanga ni nyepesi, inakauka
kabla hujamaliza kusoma jina lake.
Ila ikilowa inateleza; fundo linalegea
kimyakimya, kama ahadi ya mdaiwa.
Nilimfunga Butoyi mgongoni, nikaingia kwenye beseni la kufulia,
nikachuchumaa, nikasimama.
Akashuka hadi kiunoni, akacheka.
Mimi sikucheka.

Wifi Josina alituma cha kwake kwa treni, kutoka Dar:
mkoba wa kifuani, vifungo vya kulia ta! ta!
sponji ya mabegani imevimba kama andazi.
Nikaumwagia jagi moja tu.
Ukanywa lote, ukaomba la pili.
Siku ya tatu unanuka mbwa aliyenyeshewa.
(Wifi, habari hizi zikikufikia, nakupenda.
Tunauvaa kanisani.)

Basi nikapanda Mwanga kwa Hamimu, fundi wa jezi.
Nipe kile kitambaa chenye vitundu, nikamwambia,
cha timu zinazofungwa kila Jumamosi.
Akauliza, namba ngapi?
Hakuna namba. Kuna mtu ndani.

Akanyamaza. Akaleta bluu, mita mbili na nusu,
akapiga pindo mara mbili, akatia pete mbili za chuma kisichoota kutu,
tukavutana, yeye huku, mimi kule, mguu wake ukutani,
hadi mteja mmoja akadhani tunagombania chenji.

Nyumbani nikarudia: ndoo, kamua mara moja, kamba.
Nikaenda kuchambua mchele.
Sijafika nusu ya ungo, kikavu.
Nikamtia mtoto mbele. Uso nauona.
Kidevu hakijazama kifuani, pumzi inapita.
Nikiinama kidogo tu, midomo yangu inafika utosini:
hapo ndipo pa kufungia. Chini ya hapo ni uzembe.
Jua nalo hupita vitunduni kama maji,
kwa hiyo ni saa mbili asubuhi, na kofia, na saa nne tumeondoka.

Wahenga walituambia tusitupe mbeleko.
Hawakusema iwe ya nguo gani.
Wala hawakusema aivae nani.

Maana watoto ni wawili. Bukuru alitangulia dakika tisa,
na mita mbili na nusu hazigawanyiki.
Nikarudi kwa Hamimu. Ilibaki nyekundu.
Hii ya nani?
Ya baba yao.
Cherehani ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Jumapili. Ziwa jeupe hadi kucha za miguu zinahesabika.
Hezroni yumo ndani ya nyekundu,
amevuta pete mara nne, ameniuliza mara tano.
Wauza migebuka wamegeuka wote.
Mmoja akapaza: Baba, umejifungua lini?
Naye, maji magotini, hata hakugeuka:
Mwezi wa pili. Wawili.

Hatusogei zaidi ya magoti.
Mbeleko si boya, hata ikaukie hewani.
Nachota kiganjani, namwagia Butoyi nyayo;
anazikunja, anazikunjua, anashangaa
kwamba kitu kinaweza kuguswa na kisishikike.

Halafu Hezroni anatulia ghafla, anatazama tumboni kwake.
Wekundu unakolea, unashuka.
Hayo si maji ya ziwa.

Itakauka? ananiuliza.
Kabla hujafika mchangani, namwambia.
Na ninaanza kumhesabia hatua.